Kujipima kwa Uhandisi Kabla ya Kujaza Fomu: Mwongozo kwa Vijana wa Dodoma na Wazazi Wao

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, hupata wageni nyumbani kwangu. Huja mzazi na kijana wake, hukaribishwa chai, na baada ya salamu na habari za mvua swali huwa ni lile lile: "Injinia, asome uhandisi upi wenye ajira?" Mimi ni mhandisi wa maji, na miaka niliyofanya kazi hapa Dodoma na Singida imenifundisha kwamba swali hilo ni la nne au la tano katika mpangilio. Yapo yanayolitangulia ambayo kijana anaweza kuyajibu mwenyewe, bila ada na bila kumjua mtu yeyote ofisini, naye akiwa hapa hapa mkoani. Kipimo ninachokipendekeza ni rahisi kukieleza ijapokuwa kinachosha kukitekeleza: aifanye kazi yenyewe kwa kiasi kidogo, kabla ya kuitolea miaka minne ya chuo na mingine mitatu ya kufanya kazi chini ya uangalizi.

Itazame kazi, cheo kisubiri

Kwenye saiti ya jengo la ghorofa pale Mtumba utakuta watu kadhaa ambao mtaani wote huitwa "injinia", kumbe kila mmoja ana kazi yake na shule yake. Fundi mchundo ndiye anayefunga nondo, anayechomelea na anayepanga tofali. Fundi sanifu humwongoza, husoma michoro, hupima na kuchukua sampuli za zege kwa ajili ya maabara. Mhandisi hukokotoa mzigo utakaobebwa na kila nguzo, huamua unene wa nguzo hiyo na idadi ya nondo zake, kisha hutia saini na kubaki akiwajibika kwa uamuzi huo hata baada ya rangi kupakwa na wenye jengo kuhamia. Msanifu majengo ndiye aliyechora sura ya jengo na mpangilio wa vyumba, mkadiriaji majenzi ndiye anayejua litagharimu kiasi gani, na mpima ardhi ndiye aliyeonyesha kiwanja kinaanzia wapi na kuishia wapi. Kijana anayependa kuchora nyumba za kupendeza mara nyingi anautafuta usanifu majengo, ambao hufundishwa Chuo Kikuu Ardhi, na akisukumwa kwenda uhandisi ujenzi atashangaa kukuta hesabu zimeizidi michoro kwa mbali.

Tuchukue kitu kidogo ambacho watu hupita juu yake bila kukitazama, yaani karavati. Makorongo ya Dodoma hukaa makavu kwa miezi saba au minane, halafu jioni moja ya Januari hujaa maji mekundu yenye uwezo wa kusomba gari. Mhandisi anayetakiwa kupitisha barabara juu ya korongo kama hilo huanza kwa kuuliza eneo lote linalomimina maji yake hapo lina ukubwa gani, mvua kubwa ya namna ile inayokuja mara moja katika miaka 25 au 50 huleta maji kiasi gani kwa dakika, na ardhi ya huko juu hunywa kiasi gani kabla ya kuyaachia. Akishapata jibu ndipo anapochagua kipenyo cha bomba au upana wa boksi la zege. Kisha atakumbuka kwamba maji hayo huja na mchanga na matawi ya miti, na kwamba lori la mahindi kutoka Kibaigwa litapita juu yake likiwa limejaa. Mwisho atapiga hesabu ya gharama, fedha haitatosha, naye atarudi mwanzo. Katika wiki mbili za kazi hiyo huenda akasimama korongoni siku mbili tu. Zilizobaki atakaa mezani na majedwali ya mvua, barua za bei na muhtasari wa vikao. Nasema haya wazi kwa sababu nimewaona vijana wengi hodari waliokuja kwenye uhandisi wakikimbia kuandika, wakakuta ripoti zinawasubiri kila Ijumaa.

Daftari la mwezi mmoja

Nunua daftari la mistari, chagua kitu kimoja kilichojengwa karibu na unapoishi, na kwa mwezi mmoja uandike kila siku swali moja kuhusu kitu hicho. Kisiwe kitu kikubwa mno. Tangi la maji la shule linatosha, mtaro wa mtaani kwenu unatosha, nguzo za umeme zinazoelekea Nzuguni zinatosha. Kwa nini waya hulegea katikati ya nguzo mbili badala ya kuvutwa ukanyooka? Kwa nini ufa wa ukuta wa jirani umepita kwa mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha? Ikiwa nyumba hiyo imejengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga, umeshapata nusu ya jibu, kwa maana udongo huo huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, na msingi uliowekwa juu juu hupandishwa na kushushwa nao kila mwaka.

Mwenye kupenda vitu vikubwa Dodoma haitamnyima. Ipo reli ya zamani, iliyofika hapa mwaka 1910 wakati wa Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, ambayo vyuma vyake viwili vimeachana kwa milimita 1,000. Na ipo reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435, ambayo treni zake za umeme zilianza kuleta abiria Dodoma mwezi Julai 2024 na ambayo imesanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Zitazame zote mbili, hasa kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe. Reli ya zamani inafuata bonde la mto Mkondoa, kwa kuwa bondeni ndiko mwinuko ulikokuwa mpole na kazi ya kuchimba ilikokuwa nyepesi, na kwa miongo mingi mto huo umekuwa ukirudi kudai njia yake: mafuriko yamekata tuta hilo mara nyingi, na safari zikasimama. Reli mpya imepita kwa mahandaki katika milima ya Kilosa. Gharama ambayo ya zamani ililipa kidogo kidogo kila masika, mpya imelipa kwa mkupuo mwanzoni. Kijana anayesikia habari hii na kutaka kujua ni ipi hasa iliyokuwa nafuu, kwa hesabu ya miaka mia moja, ana kitu ndani yake ambacho chuo hakiwezi kumfundisha.

Wala usidharau vya zamani. Tembe la Kigogo, lenye paa bapa la miti na udongo, hulaumiwa kuwa ni nyumba ya umaskini, lakini katika nchi yenye mvua chache na upepo mkali, yenye jua la mchana na baridi ya usiku wa Juni, paa zito lililoinama kidogo lilikuwa jibu la mtu aliyefikiri. Jaribu kulijenga tembe hilo hilo Bukoba uone litakavyokuwa baada ya msimu mmoja. Kuuliza kwa nini kitu kinafaa hapa na hakifai kule ni sehemu kubwa ya kazi yetu.

Baada ya daftari, tafuta wiki mbili au tatu za likizo ukae karibu na kazi inayoendelea. Andika barua kwa mkono wako mwenyewe kwenda kwa meneja wa wakala wa barabara wa wilaya, mamlaka ya maji, au mkandarasi mwenye bango lake barabarani; eleza wewe ni nani, unasoma wapi, na kwamba unaomba kutazama, hudai malipo. Wengine hawatajibu. Kama hujafikisha miaka 18, mzazi atie saini, na usiingie saiti bila buti, kofia ngumu na mtu wa kukusimamia. Gereji na karakana za kuchomelea pia ni shule, na mara nyingi hizo ndizo zenye nafasi. Ukikubaliwa, usikae na wakubwa peke yao. Mfuate fundi sanifu anayechukua sampuli za zege, muulize kwa nini vipande vile hulowekwa majini na kuvunjwa baada ya siku 7 na siku 28, na kwa nini yeye hukasirika anapomwona kibarua akiongeza maji kwenye zege ili limwagike kirahisi. Jibu lake litakuwa fizikia tupu, kwa lugha ya saiti.

Hesabu ya bati na tangi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wageni wangu hupenda kulikwepa. Hisabati ndilo somo linalowaangusha watahiniwa wengi zaidi kidato cha nne, na uhandisi hauna mlango wa kulizunguka. Hata hivyo alama ya mtihani peke yake hainiambii vya kutosha. Nimeona mwenye A aliyekariri njia, na mwenye C aliyekuwa akibishana na kila jibu hadi limridhishe. Kwa hiyo huwapa hesabu moja, nikawaacha nayo barazani.

Nyumba ina paa la bati lenye eneo la mita za mraba 100. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na tuseme asilimia 20 hupotea kwa kumwagika na kukauka. Familia ni ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 30 kwa siku. Je, maji ya bati yatawatosha mwaka mzima, na tangi liwe la ukubwa gani?

Wengi huanza vizuri. Lita 57,000 hunyesha, zikitolewa asilimia 20 zinabaki 45,600. Familia hutumia lita 150 kwa siku. Kiangazi cha Mei hadi Novemba kina siku 214. Kwa hiyo panahitajika tangi la lita 32,100, na kwa kuwa 45,600 ni nyingi kuliko 32,100, maji yanatosha. Jibu hilo limeandikwa vizuri na halifai. Familia haiachi kunywa maji wakati wa masika. Kwa siku 151 za Desemba hadi Aprili itakuwa imetumia lita 22,650, hivyo mwisho wa Aprili tangini zitabaki 22,950 tu, zitakazodumu siku 153 na kuisha tarehe 30 Septemba. Oktoba na Novemba, miezi ambayo vumbi la Dodoma huwa limefika kooni, watarudi kwenye foleni ya kisima. Aliyenunua tangi la lita 32,100 amenunua tangi ambalo halitajaa hata mara moja, kwa kuwa kinachopungua ni bati: paa likiongezwa hadi mita za mraba 120 hivi, tangi hilo linakaribia kujaa na mwaka unafungana.

Kinachonivutia ni yale anayoyafanya kijana baada ya kuelezwa kosa. Yupo anayesema "sawa" na kuomba hesabu nyingine. Yupo anayenyamaza, halafu anauliza: mwaka ambao mvua ikipungua itakuwaje? Tukishuka hadi milimita 350, paa lile la mita 100 litatoa lita 28,000, na familia itakuwa na maji ya siku 186. Huyo aliyeuliza, hata kama alikosea mwanzo kama wenzake, mimi humwambia mzazi wake kwamba mtoto amejionyesha mwenyewe. Kosa la hesabu hurekebishwa na mwalimu mzuri, lakini udadisi wa kuutafuta mwaka mbaya kabla haujafika sijaona ukifundishwa darasani.

Kwa wazazi wa mabinti nina neno moja la ziada. Binti aliyewahi kusimama foleni ya maji alfajiri huifahamu hesabu hii kwa mgongo wake, na nimekaa kwenye vikao vya mradi ambapo yeye ndiye aliyekuwa akijua kwamba bomba lililochorwa mwisho wa kijiji halitafikiwa na wazee. Wapo wanaoniuliza kama kazi hii "inamfaa msichana". Nimechoka kulijibu swali hilo.

Saini

Jambo ambalo vitabu vya udahili havilielezi ni uzito wa saini. Usiku wa kuamkia au asubuhi ya kila ajali kubwa huwa kuna maamuzi madogo yaliyotangulia, na mkoa wetu una kumbukumbu yake: tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kilima upande wa Igandu ilishindwa kushikiliwa, ikarudi nyuma na kugongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Nilikuwa bado mwanafunzi. Tangu siku hiyo sijaweza kuutazama mteremko wowote bila kufikiria ni nini kinachokishikilia kitu kilicho juu yake.

La kwangu lilikuwa dogo kuliko hilo, nashukuru. Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kupokea kisima kirefu katika kijiji kimoja. Kisima kilikuwa kimepimwa kwa kusukumwa maji mfululizo, na ripoti ilisema kinaweza kutoa lita 4,000 kwa saa. Mkandarasi, ambaye simtaji, alikuwa amefunga pampu ya lita 7,000, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo stoo. Niliiona tofauti hiyo. Nilimwambia, akanijibu kwamba wanakijiji watafurahia maji mengi, na gari la kurudi mjini lilikuwa limeshawashwa. Nikatia saini. Pampu ile ikawa inayavuta maji kwa kasi kuliko kisima kilivyoweza kuyarejesha, ikaendeshwa kavu, na baada ya wiki saba ikaungua. Niliporudi niliwakuta akina mama wamerejea korongoni kufukua mchanga. Bibi mmoja aliniamkua vizuri kabisa, akanikaribisha kigoda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ile karatasi uliyoiandika siku ile, ilikuwa inasema nini?"

Kwa hiyo kijana ajiulize mapema kama ni mtu anayeweza kusema "hapana" mbele ya mtu mwenye gari, mwenye fedha au mwenye cheo, akiwa na umri wa miaka 26 na mkataba wa miezi sita. Kama hajui, si ajabu. Lakini alijue swali.

Sheria nayo imeliweka jambo hili wazi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1968 na ambayo sasa inafanya kazi chini ya Sheria Namba 15 ya mwaka 1997, ndiyo inayomruhusu mtu kufanya kazi kwa jina la mhandisi. Shahada hukufikisha kwenye ngazi ya mhandisi mhitimu tu. Ili usajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu unahitaji uzoefu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na tangu mwaka 2003 bodi hiyo ina mpango maalumu wa mafunzo ya kazini wa miaka mitatu, ujulikanao kwa kifupi chake SEAP, ambao mwenye bahati huupata mapema na wengine huusubiri. Ukipiga hesabu tangu kidato cha tano, ni miaka tisa bila kusimama. Mzazi anayetarajia mtoto amjengee nyumba mara tu baada ya mahafali aambiwe hivyo leo.

Aambiwe pia jinsi ajira zilivyo. Za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira na hugombewa na wengi. Kwa mkandarasi, mkataba huwa wa mradi: mradi ukikabidhiwa, nawe unatafuta mwingine, na utakaa Mpwapwa mwaka huu, Manyoni mwakani, katika chumba cha kupanga chenye ndoo na jiko. Mkandarasi asipolipwa na mwenye mradi, mshahara wako nao husubiri. Nimeishi hivyo na siyajutii, lakini nimewaona waliovunjika moyo kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Njia za kufika

Njia inayofahamika zaidi ni kidato cha tano na sita kwa tahsusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati ya juu, au PGM yenye Jiografia badala ya Kemia. Hapa pana kosa linaloumiza wengi: kijana huchagua PCB, yenye Biolojia badala ya Hisabati, akidhani bado anaweza kubadili mawazo baadaye, kumbe kwa kuiacha Hisabati ya juu amejifungia karibu milango yote ya uhandisi. Kiwango cha chini cha jumla kwa vyuo vikuu ni ufaulu wa masomo mawili ya tahsusi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1, lakini ushindani wa uhandisi huwa juu ya hapo na kila chuo huongeza masharti yake kuhusu Hisabati na Fizikia. Soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka wako mwenyewe. Wa kaka yako wa miaka mitatu iliyopita umeshapitwa.

Njia ya pili ni stashahada ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne, katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, inayokufanya fundi sanifu; kisha, ukiwa na wastani mzuri, huendelea na shahada. Ya tatu huanzia VETA, ambako mtu hupata ufundi mikononi na kupanda ngazi taratibu. Familia nyingi huziona njia hizi mbili kama adhabu ya waliofeli. Sikubaliani na familia hizo hata kidogo. Wahandisi bora wa saiti niliofanya nao kazi walikuwa mafundi sanifu kwanza, na kijana anayependa kushika kuliko kukokotoa huenda akaridhika zaidi akibaki huko huko, kwa kuwa miradi yetu mara nyingi hukwama kwa kukosa fundi sanifu mzuri.

Kuhusu tawi la kusomea, ushauri wangu kwa mwenye miaka 18 au 19 ni kuchagua shina: ujenzi, umeme au mitambo, na hapo hapo kuacha utaalamu mwembamba kwa ajili ya shahada ya pili. Katika miaka ya 2010, gesi asilia ilipogunduliwa kwa wingi baharini, wengi walikimbilia masomo ya mafuta na gesi. Mradi wa kiwanda cha kusindika gesi kule Lindi ukazungumzwa mwaka hadi mwaka bila kujengwa, na mwenye shahada ya jina moja tu akabaki akiusubiri. Aliyesoma mitambo aliweza kwenda kwenye pampu, mitambo ya umeme au viwanda. Ninavyoiona Dodoma, ambayo sensa ya 2022 iliikuta ikiwa na watu zaidi ya milioni 3 mkoani na ambayo jiji lake bado linategemea sana visima vya Mzakwe, kazi ya maji, mitaro na majitaka haitaisha katika maisha yenu. Ila nakiri kwamba mhandisi wa maji atasema hivyo popote.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha uhandisi tangu 1973. Mbeya kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kina uhandisi wa kilimo. Na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina kozi za uhandisi pia. Jambo la kukagua kabla ya kuvutiwa na majengo au ukaribu wa nyumbani ni kama kozi hiyo, kwa jina lake kamili, inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Uliza bodi yenyewe.

Fedha isikutishe kabla ya kuuliza. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukopesha wanafunzi wa shahada, na katika miaka ya karibuni imeanza kukopesha baadhi ya kozi za stashahada. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwalipia waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Tunza cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo kilichohakikiwa. Maombi mengi hukwama kwa karatasi hizo.

Siku ya kujaza fomu

Fungua daftari lako la mwezi mmoja ulisome lote kwa mkupuo. Tazama maswali yaliegemea wapi. Kama kurasa nyingi zinahusu waya, taa na transfoma, mawazo yako yameshachagua bila kukuuliza. Kama ulichoka siku ya tisa na ukawa unaandika ili kujaza mstari, hilo nalo ni jibu, na limekugharimu bei ya daftari tu.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, machaguo uliyoyaweka ukiwa shuleni yanaweza kubadilishwa kwa muda mfupi katika mfumo wa Selform wa TAMISEMI, zikiwemo tahsusi na vyuo vya ufundi. Nenda steshenari ukiwa na machaguo yako yameandikwa kwenye karatasi kwa mpangilio, na namba yako ya mtihani. Keti wewe mwenyewe mbele ya kompyuta. Wahudumu wa steshenari ni watu wema na wenye haraka, wana foleni nyuma yako, na nimeshamwona kijana wa Hisabati safi akipelekwa tahsusi ya Biolojia kwa sababu mhudumu alibonyeza mstari wa chini yake. Kabla ya kulipa, omba nakala iliyochapishwa, isome jina la tahsusi moja moja, kisha ndipo umwambie afunge ukurasa.